Nani kasema ajali haina kinga?

Asubuhi za siku za shule huwa nanunua mihogo ya kukaanga kwa mama mmoja hapa mtaani kwetu, Mbagala. Meza yake iko pale uchochoro unapotokea kwenye barabara ya lami, na ng'ambo, mkabala kabisa, lipo geti la shule ya msingi. Saa kumi na mbili na nusu, nikiwa nasubiri kachumbari na pilipili, watoto huanza kutoka uchochoroni mmoja mmoja, wawili wawili, kisha kundi zima. Wakifika ukingoni mwa lami wanasimama. Bodaboda inapita, bajaji inapita, Coaster inayogombea abiria inapita. Halafu mmoja anasema "Haya!" na wote wanachomoka mbio.

Wiki mbili zilizopita alichomoka binti wa darasa la nne hivi, kamshika mkono mdogo wake wa chekechea. Katikati ya barabara kiatu kikamtoka yule mdogo. Kilikuwa kikubwa kwake, cha kurithi, kama vilivyo viatu vingi vya shule katika familia zetu. Mtoto akageuka kukifuata. Dada anavuta huku, mdogo anajivuta kule, na wote wawili wakabaki palepale juu ya lami wakivutana. Mama wa mihogo akapiga ukelele: "Acha! Acha kiatu!" Bajaji ikafunga breki, ikakwepa, ikapita juu ya kiatu. Dereva akatukana, akaendelea na safari yake. Mtoto aliingia shuleni na mguu mmoja peku, analia. Bajaji wala hakuiona. Alikuwa analilia kiatu.

Mtu atauliza: kwani zebra haipo? Ipo. Nimeipima kwa hatua zangu: 212 kutoka uchochoroni, kule mbele ambako barabara imenyooka vizuri na hakuna njia inayotokea upande wowote. Ilichorwa mahali palipokuwa rahisi kuchora. Mtoto akitaka kuitumia, atembee hatua 212, avuke, kisha arudi 212 nyingine, kwa safari ambayo miguu yake inaimaliza kwa hatua kumi na tano. Sijamwona hata mmoja akifanya hivyo. Na mimi mwenyewe, mtu mzima mwenye akili zangu, nisingefanya.

Msimamo wangu nauweka mapema, ili anayetaka kugombana nami asisubiri hadi mwisho: njia ya mtoto kwenda shule ni sehemu ya shule. Inastahili kupangwa, kutengewa fedha na kukaguliwa kama yanavyokaguliwa madarasa, vyoo na madawati. Leo haina mpangaji. Tunajenga shule, tunajenga barabara, na kipande kilichobaki katikati tunamwachia mtoto wa miaka saba akipange mwenyewe, tena huku anakimbia. Likitokea la kutokea tunakutana msibani, tunakunja mkeka, tunaambiana kwamba ajali haina kinga.

Tazama kulia, tazama kushoto

Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29 duniani. Malaria imeachwa nyuma, Ukimwi umeachwa nyuma. Malaria tuliipangia: vyandarua, dawa, wahudumu wa afya wanaopita nyumba kwa nyumba. Hakuna anayesema mbu hana kinga. Kwa nini gari tu ndilo lipewe heshima ya kuwa kudura?

Jibu letu la kila mwaka ni kuwafundisha watoto. Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani ikifika, askari anakwenda shuleni, watoto wanapangwa mstarini, wanaimba: tazama kulia, tazama kushoto, tazama kulia tena, vuka. Ni somo zuri na sitaki lifutwe. Lakini tulipime kwa urefu wa mwanafunzi. Mtoto wa darasa la kwanza ana mita moja na robo hivi, pamoja na nywele. Mbele yake pameegeshwa Noah, pembeni ipo meza ya machinga yenye mabegi yaliyoning'inia. Hata atazame kulia mara kumi, atakachoona ni mabegi. Dereva naye hawezi kumwona mpaka kichwa kichomoze mbele ya taa. Halafu kuna jambo ambalo mzazi yeyote analijua bila kusoma popote: mtoto wa umri huo hajui kupima mwendo. Gari lililo mbali na gari lililo kasi kwake ni vitu viwili ambavyo havijakutana kichwani.

Lakini akigongwa, swali la kwanza la mtu mzima ni lipi? "Alikuwa anakimbilia nini?" Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tunasema, na guu lenyewe kweli limevunjika, liko kwenye hogo pale wodini.

Zipo shule zilizowavalisha wanafunzi vizibao vinavyong'aa na kuwapa vibao vya SIMAMA wawavushe wenzao. Wageni wakifika, picha zinapigwa. Nawapenda wale watoto kwa ujasiri wao, ila picha hiyo hainifurahishi hata kidogo. Tumempa mtoto wa darasa la sita kibao, tukamtuma akasimamishe fuso la mchanga.

Lami ilipofika

Zamani barabara yetu ilikuwa ya vumbi na makorongo. Tulilalamika sana, tulikuwa na haki, na lami ilipofika tulishangilia. Mimi nilikuwemo. Kilichotupita ni kwamba yale makorongo ndiyo yaliyokuwa matuta yetu. Dereva alikuwa anaingia mtaani kama anayebeba mayai. Siku ile lami ilipokauka, bodaboda walewale, vijana wetu tunaowafahamu kwa majina ya mama zao, wakapita kama upepo.

Kikomo cha mwendo mijini kwa sheria zetu ni kilomita 50 kwa saa. Kikisomwa kwenye karatasi kinaonekana cha upole, sasa tukifanyie hesabu. Gari la kilomita 50 kwa saa hula mita 14 kila sekunde. Dereva akimwona mtoto, sekunde moja hivi hupita kabla mguu haujakanyaga breki. Hizo ni Coaster mbili zilizopangwa mkia kwa pua, zimepita na gari bado halijaanza hata kupunguza. Kwa kilomita 30 kwa saa, sekunde hiyohiyo ni mita 8 tu. Na nguvu ya kishindo haiongezeki sawasawa na mwendo. Ukitoka 30 ukafika 50, kishindo kinakaribia mara tatu. Mwili wa mtoto haulijui hilo kwa hesabu, unalijua kwa mifupa.

Ndiyo maana mawaziri na wataalamu waliokutana Stockholm, Februari 2020, walitaka magari yaende si zaidi ya kilomita 30 kwa saa popote yanapochanganyika na waenda kwa miguu na waendesha baiskeli, na Umoja wa Mataifa ukaliunga mkono azimio lao mwaka huohuo. Wazee wetu walishayasema bila kupanda ndege: mwenda pole hajikwai. Tatizo ni kwamba hatuutumii msemo huo kwa magari. Tunamwambia anayetembea kwa miguu.

Kuweka bango la 30 peke yake hakutoshi, nalisema hili kwa masikitiko. Bango letu la shule lilikuwepo. Mwezi wa tatu likawa halipo, nadhani sasa ni paa la banda la kuku mahali fulani. Askari wa tochi naye hukaa barabara kuu. Kinachomfanya dereva wa Mbagala aende polepole saa kumi na mbili asubuhi, bila askari na bila kamera, ni tuta. Tuta halilali, halichukui chai, halina shemeji.

Nilipotembezwa na mtoto

Mwezi uliopita nilimwomba jirani yangu aniruhusu niende shule na mwanawe wa darasa la pili. Si kumsindikiza. Nilimwambia mtoto: leo wewe ndiye mkubwa, mimi nakufuata, ukipita nami napita. Nilibeba daftari.

Mimi ningekwenda moja kwa moja. Yeye alizunguka nyuma ya msikiti kwa sababu, alivyonieleza, "kwa baba Rama kuna mbwa". Tukafika kwenye mtaro ambao vifuniko vyake viwili havipo. Akaruka kama mbuzi, mimi nikatafuta pa kupita. Mvua ikinyesha, akasema, hapo pote ni maji na huwezi kujua shimo liko wapi, kwa hiyo wanapita juu barabarani "pamoja na magari". Alilisema kama mtu anayetaja habari za kawaida. Mbele kidogo palikuwa na kijiwe, akaniambia wasichana hawapiti hapo peke yao, wanasubiriana. Njia ya waenda kwa miguu ilipoanza tulitembea juu yake dakika moja, kisha ikaishia kwenye shehena ya matofali ya mtu. Tukashuka lamini. Mwisho, uchochoroni, kwa mama wa mihogo, akanishika mkono. Nilidhani ananionea huruma. Kumbe ndivyo wanavyovuka, kwa kushikana.

Daftari langu lilikuwa na mambo saba, na kati ya hayo saba hakuna hata moja linalohitaji mfadhili. Vifuniko viwili vya mtaro. Matofali yaondoke. Zebra ihamie uchochoroni, inyanyuliwe juu ya tuta, na tuta jingine liwekwe kabla yake upande wa pili. Vyuma vichache vya kuzuia magari yasiegeshwe mbele ya geti. Taa moja iliyokufa. Mbwa nimemwachia baba Rama.

Hili la kutembea na daftari si uvumbuzi wangu. Mji wa Odense, Denmark, ulianza miaka ya 1970 kuchora njia za kwenda shule kwa kuwauliza watoto wenyewe wanapita wapi na wanaogopa wapi. Uholanzi mwaka 1971 pekee barabara ziliua watoto zaidi ya 400. Wazazi wakafunga mitaa, wakaandamana chini ya jina lililomaanisha "komesheni mauaji ya watoto", na baiskeli tunazozisifia leo zilipata njia zake kutokana na hasira ile. Waholanzi hawakuzaliwa wastaarabu wa barabarani. Walichoka kuzika.

Wala tusijifanye ni mambo ya Ulaya. Hapahapa Dar es Salaam shirika la Amend limekuwa likifanya kazi hiyo kwa miaka mingi chini ya mpango uitwao SARSAI: wanakwenda kwenye shule zenye watoto wengi wanaogongwa, wanatazama watoto wanavyotembea, kisha wanajenga vitu vidogo, yaani matuta, zebra, njia ya miguu, uzio; pengine geti linahamishiwa mtaa wenye magari machache. Watafiti walipolinganisha shule zilizoboreshewa na zile zilizokuwa bado, majeruhi walikuwa wamepungua kwa zaidi ya robo. Mwaka 2019 mpango huo ukawa wa kwanza kutwaa tuzo ya miji ya WRI Ross, dola 250,000, mbele ya miradi ya miji mikubwa ya dunia. Kilichoshinda ni tuta la Dar es Salaam. Ni wangapi kati yetu tulilijua hilo? Tunamjua kila aliyeshinda shindano la urembo.

Nasikitika zaidi kwa sababu hatuanzii sifuri. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Temeke na Morogoro zilikuwa maeneo ya majaribio ya barabara zinazowajali waenda kwa miguu na baiskeli. Baadaye mradi wa kuendeleza jiji la Dar es Salaam, DMDP, uliweka njia za miguu, mitaro na taa katika mitaa mingi ya Temeke, Ilala na Kinondoni, na ukipita huko jioni unaona wazi watu wanavyotembea kwa raha. Ujuzi upo na mafundi wapo. Kinachokosekana ni mazoea ya kuanzia kwenye miguu ya mtoto na kumalizia kwenye lami.

Baiskeli na lifti

Nimesoma Tanga. Wenzangu wa Ngamiani wanajua: kwetu mtu alikuwa anakwenda sokoni, msikitini, shuleni na kuposa kwa baiskeli. Ardhi tambarare, mitaa imenyooka, na Phoenix ya baba ilipigwa mafuta kila Ijumaa. Nilipohamia Dar es Salaam nilikuja na baiskeli. Niliiuza mwezi wa pili, baada ya lori kunisukumia mtaroni. Tangu hapo nimekuwa mtu wa daladala, na kitambi kinashuhudia.

Kwa nini nayasema haya katika makala ya shule? Kwa sababu ya watoto wa sekondari. Shule ya kata inaweza kuwa kilomita nne, tano kutoka nyumbani. Daladala ipo, nauli ya mwanafunzi ni ndogo, na kwa sababu hiyohiyo konda humwona mwanafunzi kama hasara yenye sare. "Wawili tu! Wawili tu!" Waliobaki wanasubiri, wanachelewa, wanachapwa getini. Binti akichoka kuchapwa anakubali lifti ya bodaboda. Lifti ya kwanza ni bure, ya pili ni bure, ya kumi ina bei yake. Tumelia sana kuhusu mimba za wanafunzi, tumetunga adhabu, tumebadilisha sera, na mwaka 2021 serikali ikaruhusu waliojifungua warudi darasani, uamuzi ambao naunga mkono. Lakini ni mara chache nimesikia mtu akiuliza swali la kibarabara: huyu binti alikuwa anakwendaje shule?

Zambia waliliuliza. Wasichana wa vijijini walipewa baiskeli, matokeo yakapimwa: muda wa safari ulipungua kwa theluthi hivi, na utoro ukapungua kwa zaidi ya robo. Baiskeli moja haina konda na haiombi namba ya simu.

Kumpa mtoto baiskeli hapa mjini bila kumpa njia, hata hivyo, ni kumtuma mtaroni nilikotumwa mimi. Chama cha waendesha baiskeli Dar es Salaam, UWABA, kimekuwa kikidai njia hizo kwa miaka. Ungetosha upana wa mita mbili tu, uliotenganishwa na magari kwa ukingo wa zege, kwa sababu mstari wa rangi bodaboda hauheshimu. Ukiona mita mbili ni nyingi, katazame eneo tunaloliacha kwa maegesho.

Lami hii ni ya nani?

Nilipeleka daftari langu serikali ya mtaa. Nilipokewa vizuri, nikapewa kiti. Nikaambiwa niende kwa wanaohusika na barabara. Nilikokwenda nikaambiwa suala la geti ni la shule. Shule wakaniambia, kwa upole wote, mamlaka yao yanaishia ukutani.

Ndivyo tulivyojipanga. Barabara kuu na za mikoa ni za TANROADS, za mitaa ni za TARURA tangu 2017, shule ni za halmashauri, na mwendo ni wa trafiki. Mtoto mmoja, ndani ya dakika ishirini, anapita katika mamlaka nne, na hakuna hata moja inayomhesabu kuwa wake. Mwaka 2016 ada zilipofutwa wanafunzi walifurika, na tukahesabu madarasa yanayopungua, madawati yanayopungua, walimu wanaopungua. Idadi ya miguu iliyoongezeka barabarani haikuhesabiwa.

Mwalimu Nyerere alizoea kutukumbusha kwamba kupanga ni kuchagua. Basi nachagua, mwenye chaguo bora alete. Barabara yoyote inayopita karibu na shule isikabidhiwe kwa mkandarasi kabla ya mhandisi kutembea na wanafunzi, mguu kwa mguu, asubuhi moja ya shule na, ikiwezekana, moja ya mvua. Shule mpya isifunguliwe mpaka kivuko chake kiwepo. Mwendo wa 30 mbele ya shule uingizwe kwenye sheria, na tuta liwekwe kuisimamia sheria hiyo. Fedha? Mfuko wa Barabara hujazwa na tozo ya kila lita ya mafuta. Mama wa mihogo hana gari, lakini kila anapopanda daladala kwenda sokoni nauli yake imebeba tozo hiyo. Analipia lami na mwanawe anaikimbia.

Wanaosema matuta yanaharibu magari, nawasikia. Springi ni ghali. Nendeni siku moja pale Taasisi ya Mifupa, Muhimbili, mketi kwenye benchi na mzazi aliyeacha biashara miezi miwili kuuguza mtoto, mtaji umeliwa na nauli na uji, kaka mkubwa ameacha shule kushika meza. Mkirudi mnieleze bei ya springi.

Majuzi vijana wa mtaa walipanga mbao barabarani, pamoja na tairi mbili na rundo la kifusi, pale uchochoroni. Tuta la wananchi. Lilidumu siku nne, likaondolewa kwa sababu halikuwa na kibali, na kwa kweli halikuwa nacho. Zebra bado iko hatua 212.

Jumatatu saa kumi na mbili na nusu nitakuwa kwa mama wa mihogo na daftari. Nahesabu watoto wanaovukia uchochoroni na wanaovukia kwenye zebra, siku tano mfululizo, kisha hesabu hiyo naipeleka kwenye mamlaka zote nne kwa mkupuo, yenye sahihi za wazazi. Anayeishi karibu na shule yoyote, Mbagala au kwingine, afanye hivyohivyo getini kwake. Inahitaji kalamu, daftari na nusu saa.